Mlio wa Gitaa la Besi: Mkono, Uzi na Umeme

Katika bendi za dansi za Marekani, kabla ya katikati ya karne ya 20, mpiga besi alikuwa mtumishi mkubwa asiyesikika. Mwimbaji alisikika, mpuliza tarumbeta alisikika, mpiga ngoma alisikika hata pale alipotamaniwa anyamaze. Lakini yeye aliyesimama nyuma na chombo kirefu kuliko kimo chake, chenye mbao nyembamba na tumbo tupu, alihisiwa zaidi kuliko alivyosikiwa. Mbele yake palikuwa na safu za tarumbeta na saksafoni, na chombo chake hakikuwa na nguvu ila ile ya vidole vyake. Waliopata kuhudhuria taarabu ya Unguja wanakifahamu chombo hicho, maana vikundi vya huko vimekitunza hata leo. Na wanajua jinsi kinavyohitaji ukumbi wenye adabu ili maneno yake yafike.

Swali la insha hii ni dogo kwa sura yake: ni kitu gani kiufanyacho mlio wa gitaa la besi la umeme uwe kama ulivyo? Wauza ala hujibu kwa kutaja mti na jina la kiwanda. Wapigaji hujibu kwa kuinua vidole vyao. Nalileta swali hili mbele ya wanafunzi wa historia kwa kuwa limo ndani yake jambo la haki: watu walifanya kazi, majina yao hayakuandikwa, na leo ushahidi mmoja mkubwa wa kazi yao uliobaki ni mlio wenyewe. Asiyejua mlio hutoka wapi hawezi kuusoma ushahidi huo.

Tuanze na chombo. Mtu wa kwanza ajulikanaye kutengeneza besi ya umeme yenye kiwiliwili cha ubao mzima, ya kupigwa kwa kupakatwa kama gitaa, ni Paul Tutmarc, mwalimu wa muziki wa mji wa Seattle, aliyeiuza katika miaka ya 1930 kwa jina la Audiovox. Haikupata wanunuzi wengi, ikasahauliwa. Aliyefanikiwa ni Leo Fender wa Fullerton, California, ambaye tangu mwaka 1938 alikuwa na duka la kutengeneza redio, na ambaye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa chombo alichokiita Precision Bass, yaani besi ya usahihi. Jina hilo lilikuwa na maana. Besi kubwa ya kusimama haina vijiti vya chuma shingoni. Mpigaji huitafuta sauti kwa kukisia mahali pake, na kidole kikikosea kidogo tu sauti hupotoka. Fender alipachika vijiti hivyo, na mpiga gitaa wa kawaida akaweza kushika besi na asipotoke. Urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani aliufanya inchi 34, kipimo ambacho viwanda vingi hukifuata mpaka sasa.

Yafaa tuyaone mageuzi yenyewe mahali yalipo. Katika besi kubwa uzi hutikisa daraja, daraja hutikisa mbao, mbao hutikisa hewa. Mti ndio usemao. Katika chombo cha Fender ubao ni mzito na mzima, hauna tumbo, na kazi yake kubwa ni kuzishika nyuzi zisilegee. Chini ya nyuzi pana kinasa: sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba kwa maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huusumbua uwezo wake, na usumbufu huo huzaa mkondo mdogo wa umeme katika waya; mkondo hupelekwa kwenye kikuza sauti, na kutoka huko spikani. Basi kinachosikika si sauti ya mti. Ni habari za mwendo wa uzi, kama zilivyosikiwa na sumaku mahali pamoja tu. Sisemi kwamba mti hauna neno. Ugumu wa shingo na kiwiliwili waweza kuongeza au kupunguza muda wa uzi kutetemeka. Lakini ubishi mwingi kuhusu aina za mbao, kwa maoni yangu, ni urithi wa mazungumzo ya fidla uliohamishiwa mahali pasipo pake.

Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Hata hivyo hautetemeki kwa namna moja tu. Pamoja na mtetemo wake mzima hutetemeka nusu kwa nusu, thuluthi kwa thuluthi, robo kwa robo, na kila mgawanyo huleta sauti yake ya juu: mara 82, mara 123, mara 165, na kuendelea. Uwiano wa sauti hizo ndio uitwao mlio. Ndio utofautishao besi na zumari hata zikitoa sauti ya kimo kimoja. Na hapa pana jambo la ajabu. Redio ndogo ya betri, ambayo spika yake haizidi upana wa kiganja, haiwezi kuutoa mtetemo wa mara 41 kwa namna ya kusikika. Lakini msikilizaji huisikia besi. Sikio, likizipata zile sauti za juu katika mpango wake, hujijazia lenyewe sauti ya msingi isiyokuwapo. Mamilioni ya watu waliocheza nyimbo za miaka ya 1960 kwa redio za magari na za mezani walicheza, kwa sehemu kubwa, kwa besi waliyoitunga masikioni mwao.

Kwa sababu hiyo mahali pa kuupigia uzi ni jambo kubwa. Kidole kikiukwanyua karibu na shingo, sauti ya msingi hupata nguvu na zile za juu hufifia. Mlio huwa mnene na wa mviringo. Kikisogea karibu na daraja, sauti za juu huzidi, na mlio hukauka na kukaza. Kinasa nacho hufuata kanuni iyo hiyo: kikiwekwa chini ya mahali ambapo mgawanyo fulani wa uzi umetulia, hakiusikii mgawanyo huo hata kidogo. Ndiyo maana Fender alipotoa Jazz Bass mwaka 1960, yenye vinasa viwili, mpigaji alipata kama midomo miwili ya kuichanganya apendavyo. Kabla ya hapo, mwaka 1957, alikwisha kubadili kinasa cha Precision: alikigawa vipande viwili vilivyopishana, vilivyozungushwa kwa njia ya kufuta mvumo wa umeme wa nyumbani, na kila uzi ukapewa sumaku mbili mahali pa moja. Kinasa hicho cha vipande viwili ndicho kilichopiga sehemu kubwa ya muziki tunaoujadili.

Viwanda vingine vilifuata njia zao. Höfner ya Ujerumani ilitoa mwaka 1956 besi yenye umbo la fidla na tumbo tupu, ambayo uzi wake una kiasi cha inchi 30 tu. Paul McCartney aliinunua moja mjini Hamburg mwaka 1961. Uzi mfupi hukazwa kwa nguvu ndogo zaidi kuufikia mlingano ule ule, na mlio wake ni mzito, wenye kudunda na kuzimika mapema. Mwenye masikio hatauchanganya na ule wa inchi 34.

Lakini niulizwe ni kitu gani hutawala mlio baada ya mkono, nitajibu bila kusita: uzi. Nyuzi za miaka ile zilivikwa utepe bapa wa chuma, laini kama kamba iliyopakwa nta. Hazikwaruzi kidole wala hazina mng'aro. Hutoa pigo lililo karibu na ngoma. Tena Fender aliweka kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja ili kuzizuia nyuzi zisilie mno. Alitaka chombo chake kifanane na kile kilichokitangulia: pigo lije, lifanye kazi yake, liondoke. Monk Montgomery, aliyekuwa katika bendi ya Lionel Hampton, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuirekodi ala hii katika muziki wa jazi, mwaka 1953.

Sasa twende Detroit. Mwaka 1959 Berry Gordy alinunua nyumba katika West Grand Boulevard akaifanya makao ya kampuni iliyokuja kuitwa Motown. Mpiga besi wa nyumba hiyo alikuwa James Jamerson, aliyezaliwa South Carolina mwaka 1936, na aliyejifunza kwanza kwa besi kubwa ya kusimama. Alipohamia gitaa la umeme alihama na mkono wake wa zamani. Alikwanyua nyuzi kwa kidole cha shahada peke yake, kidole ambacho wenzake walikiita kulabu. Precision yake ya mwaka 1962 ilivaa nyuzi bapa nene za La Bella, zilizoinuliwa juu ya shingo kiasi cha kuwashinda wengine kuzikandamiza, na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Kila aliyepika kwa chungu kimoja kwa miaka ataelewa: jasho na uchafu viliziba kila mng'aro uliosalia katika nyuzi hizo. Na pale studio hakuwekewa kipaza sauti mbele ya spika. Besi iliungwa moja kwa moja na meza ya kurekodia, hata chumba hakikupata nafasi ya kuongeza neno.

Msomaji azingatie jinsi mlio huu ulivyoruhusu fikra. Kwa kuwa kila pigo lilizimika upesi, Jamerson aliweza kupiga mapigo mengi, ya kupishana na ya kurukaruka, bila kumfunika mwimbaji. Nyuzi zenye kulia kwa muda mrefu zingeufanya ufundi huo kuwa kelele. Wanaosifu ubunifu wake na kusahau sponji na utepe wa chuma wamesifu nusu ya kazi. Na wanaotaja sponji na utepe peke yake wameisahau nusu iliyo bora.

Kwa miaka mingi kampuni haikuyachapa majina ya wapigaji wake katika majalada ya sahani. Jina la Jamerson lilionekana mwaka 1971, katika What's Going On ya Marvin Gaye, wakati kazi yake iliyo kubwa ilikwisha kuenea duniani. Pengo hilo limezaa ubishi ambao haujatulia. Carol Kaye, mpiga besi hodari wa studio za Los Angeles, amedai kwamba baadhi ya besi zinazohesabiwa kuwa za Jamerson alizipiga yeye. Waliofanya kazi Detroit wamekanusha kwa nguvu. Ni kweli kwamba Motown ilirekodi pia Los Angeles katika miaka hiyo, wala si kweli kwamba kila wimbo una shahidi. Je, mlio waweza kuamua? Kaye naye alipiga Precision, naye alitumia nyuzi bapa, naye alizizima, kwa kitambaa kizito. Tofauti imebaki mahali pamoja: yeye alipiga kwa kipande kigumu cha plastiki, na Jamerson kwa nyama ya kidole. Plastiki hugonga uzi na kuacha mlio mdogo mkavu mwanzoni mwa kila pigo, kidole huusukuma. Sikio lililozoea huitambua tofauti hiyo katika sahani nyingi, si katika zote, kwa maana mafundi wa kuchanganya sauti waweza kuufuta huo mwanzo mkavu. Naona mlio ni shahidi mkweli ambaye mara nyingine hupoteza sauti, na mwanahistoria hana ruhusa ya kumsemea. Kosa ni la wale waliokuwa na karatasi na kalamu wakati ule.

Yaliyofuata twaweza kuyapitia kwa haraka. Mwaka 1966 John Entwistle wa The Who, Mwingereza asiyetaka kuwa nyuma ya mtu, alishirikiana na kiwanda cha Rotosound kutengeneza nyuzi zilizovikwa waya wa mviringo, zenye mng'aro kama wa piano; tangu hapo besi iliweza kugombana na gitaa na kushinda. Larry Graham, aliyepiga pamoja na mama yake mahali pasipo na mpiga ngoma, aligonga nyuzi kwa kidole gumba na kuzivuta kwa kingine ili ajaze pengo la ngoma. Mwaka 1969 Ampeg walitoa kikuza sauti cha wati 300. Jaco Pastorius, ambaye sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976, alipiga Jazz Bass isiyo na vijiti, ubao wa shingo ukiwa umepakwa dawa ngumu ya mashua ili nyuzi za waya wa mviringo zisiule. Chombo kilichobuniwa ili mtu asikisie, yeye alikirudisha kwenye kukisia, na kikaimba.

Motown ilihamia Los Angeles mwaka 1972. Jamerson aliifuata, lakini kazi zilizidi kumpungukia. Muziki wa wakati ule ulitaka nyuzi mpya zenye kung'aa, naye hakuwa mtu wa kubadili nyuzi. Precision yake iliibiwa muda mfupi kabla ya kifo chake, mwaka 1983. Nyuzi nene za utepe bapa bado zatengenezwa, na La Bella huziuza leo katika pakiti ijulikanayo kwa jina la Jamerson.