Mabwana wa Halmashauri ya Watoto Waliotupwa

Katika kitabu hiki cha Yubile wengine wamepewa kuandika habari za makanisa, na wengine habari za walimu wa kwanza na safari zao. Sisi tumepewa sehemu ya kutunza watoto. Tungaliweza kuanza na nyumba zetu wenyewe, lakini tumeona vema kuanza mbali kidogo, kwa sababu moja. Kila mara mtaa unapokaa kuwachagua wasimamizi wa shule au wa makao ya yatima, neno lile lile hutokea: tumchague nani? Mwalimu, kwa kuwa awajua watoto? Mwenye duka, kwa kuwa ana fedha na ajua kuhesabu? Daktari? Au mzee fulani, kwa heshima yake tu? Watu wa London walilikabili swali hili karibu miaka 300 iliyopita, wakalijibu kwa matendo. Na kwa kuwa waliandika kila kitu katika madaftari yao, twaweza kuona majibu yao yalizaa nini, mema na mabaya.

Aliyeanza kazi ile alikuwa baharia, jina lake Thomas Coram, mzaliwa wa Lyme Regis, mji wa pwani ya Uingereza, yapata mwaka 1668. Alikuwa na umri wa miaka 11 alipoingia chomboni. Baadaye akawa fundi wa kuunda merikebu katika Massachusetts, nchi ya Marekani, kisha akarudi London akafanya biashara. Alipokwenda mjini asubuhi na mapema, na aliporudi jioni, aliona kando ya njia watoto wachanga waliotupwa, wengine wamekwisha kufa, wengine wangali hai. Watu wengi waliipita njia ile ile, wakazoea. Coram hakuzoea. Tangu mwaka 1722 hata mwaka 1739, ndiyo miaka 17, alibisha milango ya wakubwa akiomba hati ya mfalme ili nyumba ifunguliwe ya kuwapokea watoto wale. Wengi walimkataa, wakisema kwamba nyumba ya namna hiyo itawafanya watu wasiuonee haya uzinzi. Nasi tumeyasikia maneno kama hayo kwetu.

Mlango uliofunguka ulikuwa mlango wa wanawake. Kati ya mwaka 1729 na 1735 mabibi 21 wa jamaa za wakuu wa nchi walitia sahihi ombi lake, na wa kwanza wao alikuwa Charlotte, mke wa Duke wa Somerset. Walipoyaona majina ya mabibi, waume zao na ndugu zao wakafuata. Lakini hati ya Mfalme George wa Pili ilipotoka, tarehe 17 Oktoba 1739, iliwataja wasimamizi 375, na kati yao hamna jina la mwanamke hata mmoja. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Wasimamizi hao walikuwa watu wa namna nyingi: wakuu wa nchi, wafanya biashara, wenye benki, wanasheria, matabibu, na Duke wa Bedford akiwa rais wao. Wengi walitoa majina yao wala hawakuonekana sana katika mikutano. Kazi ilifanywa na wachache. (Hata hilo si geni kwetu.)

Usiku wa tarehe 25 Machi 1741 walifungua nyumba ya kupanga katika mtaa wa Hatton Garden. Saa mbili ya usiku wakazima taa ya mlangoni, ili mama aletaye mtoto wake asionekane uso. Watoto 30 wakapokewa usiku ule, kisha nyumba ikajaa, na akina mama waliobaki nje wakarudi na watoto wao huku wakilia. Watoto walipobatizwa, mvulana wa kwanza aliitwa Thomas Coram, na msichana wa kwanza Eunice Coram, jina la mke wa yule baharia, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Mwaka uliofuata, kwa kuwa waombaji walizidi nafasi, iliamriwa kila mama atie mkono katika mfuko na kutoa gololi. Akitoa nyeupe, mtoto wake alipokewa, akiwa hana ugonjwa wa kuambukiza. Akitoa nyekundu, alingoja. Akitoa nyeusi, alikwenda zake. Tukiisoma habari hii leo twaona uchungu. Lakini kabla ya gololi mama mwenye nguvu za kusukuma ndiye aliyeingia mbele, na aliye dhaifu alibaki nyuma.

Tukitazama sasa kazi za mabwana hawa, twaona kwamba kila mmoja alileta mezani kile alichokijua. Wanasheria walileta hati. Mtunza hazina wao tangu miaka ya 1740 hata alipokufa mwaka 1772 alikuwa Taylor White, mwanasheria na hakimu, mtu aliyependa pia kukusanya picha za ndege na wanyama. Kila mtoto alipopokewa alipewa namba na jina jipya, nguo zake zikaandikwa, na alama aliyoiacha mama ikafungwa pamoja na hati: sarafu iliyokatwa, utepe, au kipande cha kitambaa cha gauni. Alama ile ilikuwa ushahidi, kama ushahidi wa barazani, ili mama akirudi siku moja aweze kumpata wake. Vipande vya kitambaa kama 5,000 vingali vimehifadhiwa hata leo. Waliorudi na kuwapata walikuwa wachache mno: kati ya watoto 16,282 waliopokewa tangu mwaka 1741 hata 1760, waliorudishwa kwa jamaa zao ni 152.

Wafanya biashara walijua kununua na kujenga. Walipata ekari 56 katika mashamba ya Lamb's Conduit, na mmoja wao, Theodore Jacobsen, mfanya biashara aliyependa ujenzi, ndiye aliyechora ramani ya jengo. Matabibu nao walikuwa na maneno yao. Richard Mead, daktari wa mfalme, alikaa karibu na nyumba ile, katika mtaa wa Great Ormond Street. Sir Hans Sloane aliwaonya wenzake kwamba mtoto mchanga alishwaye uji kwa kijiko hufa upesi kuliko anyonyeshwaye. Ndipo halmashauri ikazidi kuwapeleka watoto mashambani kwa mama wa kunyonyesha, wakae huko hata wapate miaka kama mitano. Mwaka 1748 ikaamuru kitabu cha daktari William Cadogan wa Bristol kipigwe chapa, kilichofundisha kwamba mtoto asifungwe nguo nyingi na kubanwa, bali aachwe huru kucheza na miguu yake. Watoto wa nyumba ile walichanjwa pia ndui tangu miaka ya 1740, wakati ambapo watu wengi waliogopa jambo hilo.

Katika halmashauri alikuwamo pia mchora picha, William Hogarth. Twafikiri ya kuwa kama ombi lake lingaletwa katika mikutano yetu, wengi wangeuliza: mchora picha atatusaidia nini? Naye hakuwa na mali ya kutoa kama mali ya wakuu. Basi alitoa mkono wake. Mwaka 1740 alimchora Kapteni Coram, si kama mzee maskini, bali ameketi katika kiti kikubwa kama wachorwavyo wakuu, na koti lake jekundu, na viatu vyake vya baharia, miguu haifiki chini vizuri. Alibuni nguo za watoto. Akawashawishi wachoraji wenzake watoe picha zao zitundikwe kutani, na kwa kuwa siku zile London haikuwa na mahali pa watu wote kutazama picha za wachoraji wa nchi yao, wenye mali walikuja kuziona, na waliokuja walitoa sadaka. Yeye na mkewe Jane hawakupata mtoto, wakawalea nyumbani mwao baadhi ya watoto wa nyumba ile.

Kisha akaja mwanamuziki. Georg Friedrich Händel, Mjerumani wa mji wa Halle aliyehamia London, aliwapigia watoto muziki katika kanisa lao mwezi wa Mei 1749, kanisa lingali halijamalizika. Tarehe 1 Mei 1750 aliimbisha humo ile kazi yake iitwayo Messiah. Watu walikuja wengi hata nafasi ikakosekana, ikabidi irudiwe siku chache baadaye. Mwezi ule ule akafanywa msimamizi. Toka hapo Messiah iliimbwa kila mwaka, na fedha iliyopatikana kwa watoto ilikuwa karibu pauni 7,000, fedha nyingi sana kwa siku zile. Alipokufa mwaka 1759 aliwaachia nakala ya kazi ile. Kwaya zetu zinapoimba Haleluya yake siku ya Pasaka, na watu wote wakasimama, ni vema kujua kwamba wimbo ule uliwanunulia maziwa watoto wasio na baba.

Hapa yatupasa kusema neno lisilopendeza. Händel mwenyewe aliwahi kuwa na hisa katika makampuni yaliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi, wala hakuwa peke yake, maana fedha nyingi ya wafanya biashara wa London wa siku zile ilipitia njia hiyo. Sisi ambao babu zetu waliiona misafara ya watumwa ikishuka pwani hatuwezi kuipita habari hii kwa kunyamaza. Mtoto mmoja aliokolewa mlangoni kwa fedha iliyotoka, kwa sehemu, katika kumwuza mtoto mwingine mbali. Mabwana wale walikuwa na wanasheria na wenye benki wa kuwaeleza fedha yatoka wapi, na twadhani hakuna aliyeuliza.

Sasa tufike mwaka 1756, mwaka wa majaribu. Gharama zilikuwa zimezidi, na halmashauri ikaomba msaada wa Bunge. Bunge likatoa pauni 10,000 kwa sharti moja: kwamba kila mtoto aletwaye apokewe, asikataliwe hata mmoja. Wakakubali. Kikapu kikatundikwa langoni, na kengele kando yake. Siku ya kwanza, tarehe 2 Juni, watoto 117 walipokewa. Ndipo watu wa mbali wakaanza kuwaleta watoto katika magari na katika vikapu vya farasi. Wachukuzi walilipwa kwa kazi hiyo, na watoto wengine walikufa njiani. Hata mwezi wa Machi 1760 waliopokewa walikuwa 14,934. Walioishi hata kufikia umri wa kupelekwa kujifunza kazi walikuwa kama 4,400.

Kwa maoni yetu mabwana wale hawakuwa wabaya. Walijua sheria, walijua majengo, fedha na muziki. Lakini kazi iliyomwokoa mtoto mchanga siku zile ilikuwa moja, nayo ni kunyonyeshwa. Waliojua ni mama wangapi wa kunyonyesha waweza kupatikana katika kijiji kimoja, na mama mmoja aweza kuwachukua watoto wangapi bila kuwaua, hawakuwa na kiti mezani. Ombi la kwanza lilitiwa sahihi na wanawake, na hati ikawasahau. Waliosaidia baadaye vijijini, wakiwatembelea watoto nyumba kwa nyumba, wakiandika barua London kwamba huyu amepona na yule amezikwa, wengi wao walikuwa wanawake. Huko Barnet palikuwa na Bibi Prudence West aliyewasimamia watoto wengi kwa miaka mingi. Hao waliitwa wakaguzi. Wasimamizi walikuwa wanaume.

Mmoja aliyeona hesabu hizi akakosa usingizi alikuwa Jonas Hanway, mfanya biashara aliyekuwa amefika Urusi na Uajemi. Watu wa London walimcheka kwa sababu alitembea na mwavuli, jambo ambalo siku zile mwanamume hakulifanya. Kazi yake ya biashara ilikuwa imemfundisha kuhesabu mali iliyoharibika njiani, naye akawahesabu watoto vivyo hivyo. Mwaka 1759 aliandika kitabu akieleza wazi makosa ya halmashauri yake mwenyewe. Kisha akazunguka katika nyumba za maskini za mitaa ya London, akiandika majina ya watoto waliokufa humo, hata Bunge likaweka sheria mwaka 1762 ya kuwa kila mtaa uandike habari za watoto wake, na mwaka 1767 sheria nyingine ya kuwapeleka watoto wachanga wa mitaa ile mashambani wakalelewe huko. Sheria zile ziliwaokoa wengi ambao hawakupata kuingia katika nyumba ya Coram.

Na Coram mwenyewe? Mwezi wa Mei 1742 hakuchaguliwa tena katika halmashauri. Alikuwa amesema maneno juu ya wasimamizi wawili na juu ya mlezi mkuu wa watoto. Ulimi wake ulikuwa ulimi wa baharia, haukujifunza mikutano. Mabwana hawakumrudisha. Alipozeeka hakuwa na mali, marafiki wakamchangia fedha ya kumtunza. Yasimuliwa kwamba alikuwa akija kuketi katika baraza la nyumba ile, amevaa koti lake kuukuu, akiwagawia watoto mikate ya tangawizi huku machozi yakimtoka. Alikufa tarehe 29 Machi 1751, akazikwa chini ya meza ya Bwana katika kanisa la watoto.

Nyumba ile iliuzwa mwaka 1926 na watoto wakahamishwa, kwanza Redhill, kisha Berkhamsted mwaka 1935. Shule yao ikafungwa mwaka 1954, ingawa shirika lenyewe laendelea na kazi hata leo kwa jina la Coram. Mabaki ya Kapteni yalihamishwa pia, na sasa kaburi lake liko katika kanisa la Mtakatifu Andrea, Holborn. Mahali palipokuwa jengo la kwanza pana kiwanja cha kuchezea, nacho kina amri moja langoni: mtu mzima haingii ila ameletwa na mtoto.