Antena ya umeme ya gari

Antena ya umeme ya gari ni antena ya redio inayochomoza yenyewe redio inapowashwa na kuzama ndani ya bodi inapozimwa. Ilitumika sana katika magari ya miaka ya 1980 na 1990, hasa yale ya bei ya juu. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na antena fupi za juu ya paa na zile zilizomo ndani ya kioo. Mara nyingi ikiharibika inaweza kutengenezwa nyumbani bila kununua nyingine nzima.

Muundo

Fimbo yake ni vibomba kadhaa vinavyoingiana. Ndani yake hupita kamba ngumu ya nailoni yenye meno upande mmoja. Mota ndogo ya volti 12, iliyofichwa chini ya madigadi au pembeni mwa buti, huzungusha gia inayoshika meno hayo. Gia ikisukuma kamba, fimbo hupanda. Ikiivuta, fimbo hushuka na kamba hujiviringisha ndani ya kasha.

Hitilafu

Mota ikisikika inazunguka lakini fimbo haisogei, kwa kawaida kamba imekatika au meno yake yamelika. Kama mota iko kimya, hukaguliwa kwanza fyuzi, kisha waya unaotoka kwenye redio. Waya huo husahaulika mara nyingi redio inapobadilishwa. Fimbo inayokwama njiani huwa imepinda au imejaa vumbi.

Katika Afrika Mashariki antena husingiziwa pia kosa lisilo lake. Redio za magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hupokea FM kuanzia MHz 76 hadi 90, wakati stesheni za huku hutangaza kati ya MHz 87.5 na 108. Gari la namna hiyo hukosa stesheni nyingi hata antena ikiwa mpya, na kinachohitajika ni kifaa cha kugeuza masafa au redio nyingine.

Kubadilisha fimbo

Fimbo mpya huuzwa pamoja na kamba yake, nayo lazima iwe ya aina ya gari lenyewe. Nati iliyo juu ya bodi hufunguliwa kwa spana, kisha mtu wa pili huwasha redio ili mota iisukume fimbo ya zamani nje. Kamba mpya huingizwa tunduni, meno yakielekea upande uleule yalikoelekea ya kamba ya zamani, mpaka iguse gia. Redio ikizimwa, mota huivuta. Fimbo huongozwa kwa mkono bila kulazimishwa, halafu nati hukazwa.

Njia hii inafaa tu kama kamba ya zamani imetoka nzima, na hapa ndipo wengi hukosea. Kipande kilichobaki ndani huizuia kamba mpya, na fimbo iliyonunuliwa jana huharibika leo. Kwa hiyo urefu wa kamba iliyotoka hulinganishwa na wa ile mpya. Ikiwa imepungua, waya hasi wa betri hutolewa, mota hushushwa, na kasha hufunguliwa ili kipande kitolewe.

Utunzaji

Fimbo hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kidogo. Grisi haifai, kwani hunasa vumbi. Redio huzimwa kabla ya gari kuoshwa, na mrija wa kutolea maji chini ya kasha husafishwa usizibe, maana maji yakituama huozesha mota.