Hedhi shuleni: kutoka kwa kungwi hadi dawatini

Katika lugha yetu msichana anapopata hedhi kwa mara ya kwanza husemwa kuwa amevunja ungo. Zamani, katika sehemu nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki, habari hiyo haikupita hivi hivi. Mwari alikabidhiwa kwa somo au kungwi, akafundishwa unyagoni namna ya kujisitiri kwa sodo ya kitambaa, usafi na adabu. Mvulana alikuwa na jando lake, mbali na hapo. Usiri ulikuwa sehemu ya heshima, lakini ndani ya usiri huo msichana hakuwa peke yake.

Shule ilibadili mpangilio huo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilidhamiria elimu ya msingi kwa kila mtoto wa Tanzania, na Kenya ikafuta ada ya shule za msingi mwaka 2003. Wasichana na wavulana wakajikuta dawati moja, mbali na somo na mbali na mama. Usiri ulibaki, ila aliyeufundisha hakuwepo tena.

Serikali zilianza na upande wa bei. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 ikaitaka serikali iwapatie bure wasichana wa shule za umma. Tanzania iliondoa kodi hiyo mwaka 2018, kisha ikairejesha mwaka 2019 kwa hoja kwamba bei madukani hazikushuka.

Hata hivyo, sodo haizuii kicheko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusisha wavulana 432 na wasichana 524 wa shule nne za sekondari za mchanganyiko kaskazini mwa Tanzania, ulionyesha kuwa asilimia 13 ya wasichana walikwisha kutaniwa kwa sababu ya hedhi. Waliohofia kutaniwa walizidi asilimia 80. Hofu, basi, ilienea kuliko tendo lenyewe, nayo ilihusishwa na kupungua kwa ushiriki wao masomoni siku hizo.

La kutafakarisha zaidi ni majibu ya wavulana. Walijua kwamba kumcheka mwenzao ni kosa. Walicheka kwa shinikizo la wenzao, wasije wakatengwa na kundi. Zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi, wake kwa waume, waliona hedhi yapasa kufichwa, na papo hapo wakaona wavulana wanapaswa kuwaunga mkono zaidi wasichana. Lakini mtu atasaidiaje katika jambo ambalo hatakiwi hata kulijua?

Sheria ya kodi haimfundishi mvulana wa miaka 14 kuwakanya wenzake wanapocheka, wala kuvua sweta lake ili mwenzake ajifunge kiunoni. Hayo yanahitaji mwalimu na mzazi wa kuyasema mapema, tena mbele ya wavulana. Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.