Kikomo cha Matumizi Ndani ya Kerneli

Kikomo cha matumizi ni kiwango cha juu ambacho mtumiaji mmoja haruhusiwi kukipita anapotumia kumbukumbu, faili au muda wa prosesa wa kompyuta. Kikomo hicho husahaulika zaidi katika kiendeshi cha kifaa, yaani programu inayoiunganisha kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na kifaa kama kamera.

Wengine hupendelea neno mgao. Lakini aliyezoea mgao wa maji anajua kwamba mgao ni fungu lake alilotengewa. Kikomo hakimtengei mtu chochote. Humzuia tu asizidishe. Kwa kazi hii, kikomo ndilo neno sahihi.

Kikomo hakiwezekani bila hesabu. Mkulima wa Nyamira akifikisha majani mabichi ya chai kituoni, karani huyapima na kuandika kilo kwenye namba ya mkulima huyo. Kiendeshi nacho kinapaswa kuandika hivyo. Programu ikiomba nafasi ya kuwekea picha za kamera, kiendeshi huweza kuchukua kumbukumbu ya kerneli kwa niaba yake. Kisipomwandikia aliyeomba kiasi hicho kama deni, ataomba tena maelfu ya mara huku hesabu yake ikionyesha hajachukua kitu.

Katika mfumo endeshi wa Linux, kumbukumbu inayochukuliwa hivyo haihamishiwi kwenye diski. Nafasi ikiisha, kerneli huanza kuua programu, na kwa kuwa deni halikuandikwa, huenda ikaua isiyohusika. Kwenye seva ya chuo mjini Kisii inayotumiwa na wanafunzi wengi, mwanafunzi mmoja asiye na mamlaka ya msimamizi anaweza kuwakatizia wote kazi.

Nyenzo za kuzuia hali hiyo zipo. Vikomo vya prosesi, yaani programu inayoendeshwa, huonekana kwa amri ya ulimit. Tangu toleo 2.6.24 la Januari 2008, Linux ina pia vikundi dhibiti, vinavyowezesha prosesi nyingi kuhesabiwa na kuwekewa kikomo kwa pamoja. Hata hivyo, nyenzo hizo hazikamiliki mwandishi wa kiendeshi asipotimiza wajibu wake: aangalie kikomo kabla ya kutoa, amwandikie aliyeomba, akatae ombi linalozidi, na afute deni kumbukumbu inaporudishwa.

Wahadhiri wa kompyuta wa Kisii na Nyamira, fundisheni istilahi hii pamoja na wajibu huo. Kiendeshi kisichohesabu hakijakamilika, hata kama kifaa chake kinafanya kazi.