Yakuti na Mizani ya Haki

Miongoni mwa vito alivyoviumba Mwenyezi Mungu, yakuti nyekundu ina daraja kubwa, nayo imetajwa pamoja na marijani katika Sura ya Ar-Rahman. Waarabu wa kale waliinunua kutoka Sarandibu, nchi iitwayo leo Sri Lanka, wakaipa sifa nyingi: kwamba moto hauidhuru, na kwamba humkinga mvaaji na tauni. Sifa ya moto ina asili ya kweli, kwani yakuti huvumilia joto kali. Ama ile ya tauni ni dhana tu.

Palikuwa na jiwe jingine jekundu, la'li ya Badakhshan, lililofanana na yakuti hata wajuzi wakadanganyika. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, hakuyategemea macho. Alipima uzito wa jiwe, kisha akalitia katika chombo kilichojaa maji, akapima na maji yaliyomwagika. Akaona ya kuwa la'li ni nyepesi kuliko yakuti iliyo sawa nayo kwa ukubwa. Ulaya ilikawia hadi mwaka 1783 kuyatenga mawe hayo. Hata lile jiwe kubwa lililo mbele ya taji la Uingereza, lililosifiwa karne nyingi kuwa yakuti, kumbe ni la'li.

Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza namna ya kutengeneza yakuti kwa moto. Hapo mizani ya maji ikashindwa, maana uzito ni mmoja. Mjuzi hana budi kutafuta kwa darubini mapovu na mistari iliyopinda.

Katika Afrika ya Mashariki yakuti imechimbwa Longido na Mahenge, Tanzania, na Mangare karibu na Tsavo, Kenya. Watu wa Bulumbi, ambao wilaya yao ya Busia inajulikana kwa dhahabu ya Tira, wanafahamu jinsi mchimbaji anavyoweza kutaabika shimoni, kisha akapunjwa kwenye mizani.

Kwa hiyo sharia haikumwachia mnunuzi macho yake peke yake. Muuzaji ajuaye kasoro ya bidhaa yake ni wajibu wake kuitaja. Akiificha, mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Jiwe hupimwa kwa maji na kwa darubini, na mfanyabiashara hupimwa kwa neno lake.