2,147,483,647: Nambari iliyodhaniwa haina manufaa

IKIANDIKWA kwa maneno, ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Zizidishe mbili 31 pamoja, kisha utoe moja, nawe utaipata.

Nambari hii ni tasa. Yaani haigawanyiki bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Aliyelithibitisha jambo hilo mnamo 1772 ni Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akiishi St Petersburg, Urusi, na ambaye wakati huo alikuwa karibu kipofu. Kwa njia ya kawaida, ingebidi aigawanye kwa kila nambari tasa isiyozidi 46,340, nazo ni zaidi ya 4,700. Euler alitambua kwamba kigawanyo chake chochote, kama kipo, sharti kikigawanywa kwa 248 kibakishe 1 au 63. Vya kujaribiwa vikapungua hadi visivyozidi 372. Hakuna hata kimoja kilichofaa.

Kwa miongo mingi haikujulikana nambari tasa kubwa kuliko hiyo. Mnamo 1811, Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba kubwa zaidi haitapatikana kamwe, kwani nambari za aina hii ni za kustaajabiwa tu, hazina manufaa, na hapana atakayejisumbua kuzitafuta. Maskini Barlow hakuziona tarakilishi.

Mashine hizo huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa miaka mingi, nambari moja ilitengewa nafasi 32. Nafasi moja huonyesha iwapo nambari ni chanya au hasi, zikasalia 31, na kubwa kabisa inayoenea humo ni hiyo hiyo ya Euler. Utasa wake hauhusiki hapa. Kinachohusika ni zile mbili 31.

Tatizo liko kwenye saa. Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 itatimia Jumanne, Januari 19, 2038, ambapo hapa Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, tarakilishi isiyorekebishwa itaruka nyuma hadi Desemba 13, 1901, siku ambazo reli kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika Kisumu.

Tarakilishi mpya zina nafasi 64, na kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807 (ambayo, kwa taarifa ya msomaji, si tasa: inagawanyika kwa 7). Hatari imebaki katika vifaa vidogo vilivyofichika ndani ya mitambo, ambavyo aghalabu hakuna anayekumbuka kuvifungua, na katika programu za zamani. Tena si lazima 2038 ifike kwanza. Anayechukua leo mkopo wa nyumba wa miaka 20 atamaliza kuulipa baada ya tarehe hiyo, na mashine inayompigia hesabu ya malipo inapaswa kuivuka sasa hivi.