Ukili na Udongo: Mkono wa Mshonaji katika Nyumba za Pwani ya Ruvuma

Waandishi wa historia ya makazi katika pwani ya kusini ya Tanzania wameyatazama zaidi mawe ya Kilwa na milango ya kuchonga ya Mikindani kuliko nyumba za miti na udongo ambamo watu wengi walizaliwa, wakaoa na kuzikwa kutokea humo. Hata pale nyumba hizo zinapotajwa, huelezwa nguzo zake na paa lake, kisha maelezo hukoma mlangoni, kana kwamba kilichotandikwa ndani hakikuwa sehemu ya ujenzi. Katika vijiji vya Msimbati na jirani zake, kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara na karibu na mlango wa mto Ruvuma, mpaka huo wa mlangoni haukuwa na maana kubwa, kwa sababu mikono iliyokandika ukuta ndiyo hiyo hiyo iliyosuka na kushona mkeka, na kazi hizo mbili zililazimika kugawana siku na majira.

Nyumba ya pwani hii ilianzia kwenye mikoko, yaani miti inayoota katika matope ya maji ya chumvi, ambayo imejaa katika delta ya Ruvuma. Miti hiyo ilipangwa kwa unene na kupewa majina kwa kufuata matumizi yake: nguzo za kusimamisha nyumba, boriti za kubeba mzigo wa juu, pau za paa, na fito, yaani vijiti vyembamba vinavyofungwa kwa kulala ili kushika udongo. Paa liliezekwa kabla ya kuta kukandikwa, ili udongo mbichi upate kivuli na usinyeshewe. Makuti yenyewe yalikuwa ya namna mbalimbali, na tofauti zake zinastahili kuelezwa: kuti la kumba husukwa kwa kulaza vijani vya tawi zima la mnazi vikapishana, na hutumika zaidi kwa nyua na vibanda, ilhali kuti la viungo hutengenezwa kwa kukunja vijani juu ya kijiti na kuvifunga kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio ulio karibu sana na mshono. Kwa hiyo kabla hata ya ukuta kusimama, nyumba ilikuwa imekwisha kupita katika vidole vya msukaji.

Kazi ya mkeka ilikuwa ndefu zaidi. Malighafi yake ni miyaa, majani ya mitende pori ya jamii ya mikoche, au ukindu, majani ya mkindu, ambayo ni laini na yanathaminiwa zaidi kwa mikeka ya rangi. Majani hukatwa yakiwa machanga, huanikwa mpaka yageuke meupe, kisha huchanwa kuwa chane, yaani vipande vyembamba vya upana mmoja, na baadhi yake huchemshwa katika rangi. Chane hizo husukwa kuwa ukili, ambao ni utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache, na ni katika ukili huo, si katika mkeka uliokamilika, ndipo nakshi hupangwa, kwa kuhesabu chane za rangi na zisizo na rangi zinavyopishana. Ukili ukishatosha, huunganishwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka na magunia, na kamba nyembamba ya jani lile lile. Mshono mzuri haupaswi kuonekana. Mkeka ambao mishono yake inahesabika ukiwa umesimama mlangoni ni mkeka wa mtu aliyekuwa na haraka. Kwa utaratibu huo huo hushonwa jamvi, ambalo ni pana na gumu, na msala wa kuswalia, ambao ukili wake huwa mwembamba.

Namna kazi hizi mbili zilivyoishi pamoja inaelezwa na tabia ya vifaa vyenyewe kuliko na kanuni yoyote ya mila. Udongo uliokwisha kukanyagwa na kutiwa maji haungoji, kwa kuwa ukikauka kabla ya kupakwa huwa kazi bure, na ndiyo maana kukandika kulifanywa kwa siku chache na kwa watu wengi, wanawake wakichota maji na kubeba udongo pamoja na jirani zao. Ukili, kinyume chake, hungoja. Unaweza kuachwa katikati ya nakshi, ukakunjwa kama mkanda, ukachukuliwa shambani, kisimani au kwa mgonjwa, na ukaendelezwa pale ulipoishia. Majira nayo yalisaidia, maana pwani ya Mtwara ina msimu mmoja mkuu wa mvua, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, hivyo kuezeka na kukandika kulikuwa kazi ya kiangazi, wakati jani la kusukia hukauka na kukatika lisiponyunyiziwa maji. Unyevu wa masika, unaoharibu ukuta, hulifanya jani hilo hilo liwe laini. Si sahihi basi kuuita usukaji kazi ya kupitisha wakati, kama ilivyozoeleka kusemwa juu ya kazi nyingi za wanawake. Ulipangwa kuizunguka kazi isiyoweza kusubiri, na upangaji huo ni ujuzi.

Kuhama kulifuata mantiki hiyo hiyo. Nyumba ya udongo iliyochoka iliachwa irudi ardhini, na kilichobebwa ni mlango wa mbao, miti ambayo bado ilifaa, na mikeka. Katika pwani ambayo mipaka yake ilibadilishwa na watawala wa mbali zaidi ya mara moja, jambo hilo halikuwa dogo: Wajerumani waliichukua Kionga, upande wa kusini wa mlango wa Ruvuma, mwaka 1894, Wareno wakaitwaa mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukathibitisha umiliki wao.

Mikindani inatoa mfano wa upande wa pili, wa nyumba za mawe. David Livingstone, aliyeshindwa kuteremsha wanyama wake katika mikoko ya mlango wa Ruvuma, alitia nanga huko Machi 1866 na kukodi nyumba kabla ya kuingia bara kwa safari yake ya mwisho. Wajerumani walijenga boma lao hapo mwaka 1895. Mji huo wa mawe na chokaa ulififia baada ya bandari mpya ya Mtwara kujengwa kwa ajili ya mpango wa kilimo cha karanga ulioanza 1947 na kushindwa ndani ya miaka michache, na nyumba nyingi zikabaki bila paa. Boma lilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa juhudi za shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likawa hoteli. Ukarabati wa namna hiyo huokoa kuta. Kilichokuwa kikitandikwa kati ya kuta hizo hakina budi kutafutwa kwingine.

Pigo kubwa zaidi kwa kalenda ya zamani lilikuja na vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, itimizwe kabla ya mwisho wa 1976, na katika Mtwara, ambako vita vya ukombozi vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo tu ya mto, uhamishaji ulikuwa umeanza mapema zaidi. Amri haikuuliza kama miyaa imekauka. Nyumba inayojengwa kwa tarehe ya serikali hupata kwanza paa na ukuta, na sakafu yake hungoja.

Baadaye yalikuja mabadiliko ya polepole. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, iliweka mikoko na matumbawe chini ya ulinzi, na gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 ilianza kuzalisha umeme wa Mtwara katika muongo wa kwanza wa karne hii. Bati na saruji havihitaji vidole vya msukaji, na mkeka wa plastiki hauhitaji shazia. Hata hivyo sindano haikutoka ndani ya nyumba. Ilihama kutoka sakafuni kwenda juu ya kochi na kitanda, katika vitambaa vya kufuma na mashuka na foronya za kudarizi, ambavyo navyo, kama ukili, vinaweza kuachwa katikati na kuendelezwa kesho.

Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kimekuwa kikionyesha nyumba za jadi za makabila ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Wataalamu wanaopima nguzo na fito za nyumba za aina hiyo wanapofika Msimbati, wakae pia barazani na wasukaji ambao bado wanajua nakshi za ukili kwa majina, waziandike moja moja, na waandike pamoja nazo ni mwezi gani kila kazi ilikuwa ikifanywa.